Marubani Tisa wa Mtaa Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo ni tarehe tatu, na nimeamua kukueleza yote bila kuficha hata moja, pamoja na yale ambayo Mama amenikataza nisikuandikie kwa sababu utapandwa na presha ukiwa kazini. Nimeandika rasimu mbili kwanza, kama ulivyonifundisha. Hii ndiyo nakala safi.

Ulipokuja mara ya mwisho, lile jengo jeupe nyuma ya nyumba yetu lilikuwa bado linapakwa rangi. Sasa linafanya kazi. Kwenye lango limeandikwa Kituo cha Data, lakini sisi tunaliita Friji, kwa sababu ndani ni baridi na nje linanguruma. Mimi nimeingia mara moja tu, mwaka jana, shule ilipotupeleka kujifunza, zikiwa bado siku za majaribio. Ni kompyuta zimepangwa kama makabati, safu kwa safu, na hakuna mtu, vitaa tu vinakonyeza. Walitupa kofia na juisi, nikarudi nyumbani nikijisifu wiki nzima. Sasa nikiikumbuka ile kofia naona haya.

Mngurumo haukomi. Si kelele ya kumshtua mtu. Ni kama mtu anayekohoa kidogo kabla ya kusema, halafu hasemi, asubuhi mpaka asubuhi. Mwalimu wa hisabati anafundisha madirisha yakiwa yamefungwa, na wanaokaa nyuma wanasoma midomo yake. Fundi viatu anasema ameanza kuuzoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Hilo tungelivumilia. La maji ndilo lisilovumilika. Zile kompyuta zinapata joto, na zinapozwa kwa maji, mengi kuliko nilivyodhani jengo linaweza kunywa. Bomba kubwa sasa linapita kwao kwanza ndipo lifike kwetu, likifika. Tunapata maji Jumanne na Ijumaa asubuhi, membamba kama uzi. Unajua kazi ya Mama. Shuka za hospitali hazifuliwi kwa maji ya kurudia. Siku nyingine ananunua maji ya boza, lile lori la tangi, na maji ya boza yana rangi. Wale dada wawili waliokuwa wakimsaidia kufua amewaambia wapumzike kwanza. Baba yuko safarini na lori na hajui lolote. Mama anamwambia kwenye simu kwamba sisi ni wazima.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Jumamosi limebandikwa tangazo ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Limetoka Mamlaka, ofisi yenu. Linasema Kampuni imeomba kibali cha kujenga Friji la pili, kubwa mara mbili ya hili, na mwenye pingamizi alilete ndani ya siku thelathini kuanzia tarehe moja. Chini yake, kwa herufi ndogo: wakazi mia moja na kumi na wawili wa mtaa huu walishirikishwa tangu awali, na wote waliridhia.

Nilichukua daftari nikapita nyumba kwa nyumba, sitini na tatu. Nilimuuliza kila mtu: uliitwa, uliulizwa, ulisaini? Mzee wa Redio alinijibu, “Mimi niridhie? Mimi sijaridhika na kitu tangu nioe.” Mkewe alimtupia kitambaa. Mama wa genge la mboga alisema angeitwa angekwenda mbio, hata kama ni kwa soda tu. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa, Shangazi. Hata mmoja.

Wewe uko Masijala, na majalada yote yanapita mikononi mwako. Hao mia moja na kumi na wawili ni akina nani?

Mwanao,
Wa Kidato cha Pili


Jumatatu, 10 Machi

Karani wangu mdogo,

Marahaba. Barua yako imenikuta nikiwa na chai mkononi, na chai ikapoa. Kurasa nne bila kosa hata moja. Ningewaonyesha wakubwa wangu wa ghorofani, lakini wataniuliza nimemwajiri nani. Wenzangu hapa wananicheka: shangazi mzima anaandikiana barua na mtoto anayekaa ubavuni mwa jengo linalotunza barua za dunia nzima. Nimewaambia stempu haijawahi kuishiwa chaji.

Pole kwa maji. Mpe wifi yangu pole maalumu, na umwambie presha yangu ni ya kuzaliwa nayo, asiisingizie habari.

Ngoja nikueleze kazi yetu, usije ukadhani nakaa juu ya siri. Jalada likija mezani hatulisomi. Tunahesabu. Tuna orodha ya vitu kumi na kimoja: ramani ipo, tathmini ya mazingira ipo, barua ya maji ipo, majina ya wakazi walioshirikishwa yapo na hayapungui mia. Kilichopo kinawekewa tiki. Vikitimia vyote, mtu mmoja anaandika “Jalada limekamilika”, anasaini, na jalada linapanda ghorofani. Kusoma ni kazi ya ghorofani. Na ghorofani, ukiwauliza, watakuambia kwamba kama Masijala wamelipitisha basi limeshasomwa. Ndivyo nilivyoikuta kazi, na ndivyo nitakavyoiacha nikistaafu miaka mitatu ijayo, Mungu akipenda.

Jalada lenu nimelifungua, kwa kuwa umeniomba wewe. Orodha ipo. Majina ni mia moja na kumi na mawili, na saini zipo. Zaidi ya hapo usiniulize, mwanangu, hasa kwa maandishi.

Kama moyo wako haujatulia, andika pingamizi. Kila mtu ana haki hiyo. Naambatanisha fomu na stempu tatu. Halafu urudi kwenye vitabu, maana mtihani hauulizi habari za mabomba.

Shangazi yako


Jumatatu, 17 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Fomu nimeipata na ninakushukuru. Nimeijaza.

Jumatano walikuja wapimaji wawili kutoka Mamlaka, mwanamume mrefu na mwanamke mwenye kofia, na kipima sauti kwenye sanduku kama la fidla. Ilikuwa saa ya mapumziko, nikakimbia. Walikuwa wamesimama mbele, langoni, kwenye maua. Feni zote ziko nyuma, upande wetu.

Nikasalimu, nikauliza, “Samahani, kwa nini mnapimia huku?”

“Kanuni inasema tupime langoni,” akajibu yule mrefu.

“Lakini langoni hakuna anayelala.”

“Kanuni haikusema tupime wanaolala.”

Mwenye kofia akacheka. “Huyu akikua tutakoma,” akamwambia mwenzake. Nikawaomba watembee hatua mia mbili tu hadi uani kwa Mama. Nilizihesabu, ni mia mbili na sita. Yule mrefu akatazama viatu vyake, kisha akaandika namba kwenye karatasi na kunionyesha, kwa upole kabisa, kwamba sauti iko chini ya kiwango. Nilipomsimulia Mama, alikuwa ameinamia beseni. Akasema, “Ungewauliza kama hicho kidude chao kinapima na kiu.”

Shangazi, sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kukudanganya kwa kutumia namba ya kweli.

Jambo la pili ni baya zaidi. Msimamizi wa nguo wa hospitali alirudisha marobota matatu. Hakugomba. Alikunjua shuka moja mezani na kusema, “Mama, mgonjwa wangu atalala kwenye rangi ya chai?” Amempa Mama mpaka mwisho wa Aprili. Shuka zikirudi nyeupe, kazi ni yake kama miaka yote tisa. Zisiporudi, hospitali itatafuta dobi mwingine. Mama alimsindikiza hadi barabarani akitabasamu, kisha akarudi akakaa juu ya pipa lililofunikwa, lisilo na maji. Ada yangu na chakula chetu vinatoka kwenye shuka hizo. Wewe unajua.

Nimewaomba wakubwa wasaini pingamizi, wamekataa. Fundi viatu anasema jina lake likiandikwa mahali huwa linaleta balaa. Hata Mama amekataa, na sababu yake imeniuma: Kampuni imeanza kumletea sare za walinzi wake azifue. Zile ni nguo za kijivu, hata kwa maji ya boza hazionyeshi. Anaogopa akisaini atazikosa na hizo.

Kwa hiyo nimesaini mimi, pamoja na wenzangu thelathini na wanane wa darasa letu. Tumeandika vizuri, kwa wino mweusi. Tumeeleza maji, mngurumo na mahali palipopimwa. Nimeituma leo pamoja na barua hii. Ikifika mezani pako, naomba safari hii uisome.

Mwanao


Ijumaa, 21 Machi
MAMLAKA, KITENGO CHA MALALAMIKO
Kumb. Na. P/2/17

Ndugu Mwandishi,

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA UPANUZI WA KITUO CHA DATA, AWAMU YA PILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunakiri kupokea pingamizi lako la tarehe 17 Machi, na tunakupongeza kwa mwandiko nadhifu. Hata hivyo, baada ya kuthibitisha umri wako na wa wenzako kupitia shule yenu, tunasikitika kukujulisha kwamba pingamizi hilo haliwezi kupokelewa. Kanuni inataka mtoa maoni awe ametimiza umri wa miaka kumi na minane. Saini ya mtoto haina nguvu katika shughuli za Mamlaka.

Aidha, tunapenda kukuhakikishia kwamba wakazi wa mtaa wako walishirikishwa ipasavyo, kama inavyothibitishwa na Kiambatisho Namba Nne cha jalada la awali, ambacho kilisomwa na kuhakikiwa kabla ya kibali cha kuendesha awamu ya kwanza kutolewa. Jalada liko wazi kwa mwananchi yeyote mtu mzima kwenye kaunta ya Masijala, saa za kazi.

Tunakutakia mafanikio katika masomo yako.

Ofisa Malalamiko


Jumanne, 25 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika upesi, kwa hiyo hii haina rasimu, unisamehe.

Wametukatalia. Wametusifu mwandiko, halafu wametukatalia. Niliisoma barua yao darasani kwa sauti kwa sababu wenzangu walitaka kuisikia, na nilipofika kwenye “tunakutakia mafanikio” kuna aliyeguna, na mwalimu hakumkaripia.

Nyumbani nilimpa Mama. Alikuwa anapiga pasi zile sare za kijivu. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, akaiweka pasi kwenye kibao chake na kuzima umeme.

“Mtu mzima yeyote,” akasema.

“Ndiyo, Mama.”

“Mimi nina miaka arobaini na miwili. Na hapo watatafuta kasoro gani?”

“Na sare je?”

“Sare zitafuliwa na wenyewe. Wana maji.”

Ameomba kiti kwenye basi la keshokutwa, Alhamisi, na Ijumaa asubuhi atakuwa kwenye kaunta yenu. Amechukua daftari langu lenye majina ya nyumba zote sitini na tatu, ili alinganishe na hicho Kiambatisho Namba Nne jina kwa jina. Hajui jiji, anajua wewe tu. Tafadhali mpokee. Na yeye akisoma, hasomi kwa kuhesabu.

Mwanao


Jumapili, 30 Machi

Mwanangu,

Barua yako ilichelewa: ilifika saa tatu nzima baada ya mama yako kufika. Nilikuwa nimeshamwona.

Naandika nikiwa nyumbani, si ofisini, na nimefunga mlango, ingawa naishi peke yangu. Ulianza kwa kuahidi kunieleza yote. Mimi sikuahidi, na sasa unaweza kuona kwa nini.

Wifi yangu alikuja saa mbili na nusu, amevaa gauni lake la harusi za watu, daftari kwapani. Aliniamkia kwa heshima kana kwamba hatujuani, ili asiniharibie, akajaza fomu ya kuomba jalada. Nikamletea. Alifungua Kiambatisho Namba Nne juu ya kaunta, akalamba kidole. Kuna safu nne: Jina, Mtaa, Kazi, Saini. Akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kidole kikishuka.

“Daktari. Mwanasheria. Rubani. Rubani. Daktari.” Akanitazama. “Mama wa Masijala, samahani. Mtaani kwetu kuna marubani?”

Nikajifanya natafuta muhuri.

“Mmoja, wawili... wako tisa. Ndege wanaegesha wapi, kwa fundi viatu?” Watu kwenye foleni wakaanza kucheka. Mzee mmoja nyuma yake akalalamika kwamba anasubiri. “Subiri kidogo, baba,” mama yako akamjibu bila kugeuka, “namtafuta jirani yangu. Hapa pameandikwa Rais wa Nchi, na sijawahi kumwona hata akinunua mkaa.”

Foleni nzima ilicheka, hata mlinzi. Mimi pia nilicheka, na hilo sitajisamehe upesi. Kisha akageuza karatasi ya tatu na kicheko chake kikakatika. Alikuwa amefika kwenye jina lako. Mbele yake, chini ya Kazi, kwa mwandiko wako ule wa duara, pameandikwa: Karani wa Masijala.

Alifunga daftari lako. Akaomba fomu ya pingamizi, akaijaza kwa jina lake kamili na umri wake, akasaini, nami nikagonga muhuri. Siku za pingamizi zilikuwa zimebaki tatu. Akaomba nakala ya Kiambatisho, nikampa, ni haki yake. Alipokuwa akiikunja ndipo akaona mstari wa chini kabisa wa ukurasa wa mwisho. “Jalada limekamilika.” Na saini.

Ni yangu, mwanangu.

Mwaka jana jalada lilikuja mezani kwangu. Nilihesabu majina mpaka mia moja na kumi na mawili, nikaweka tiki, nikasaini. Namba ilitosha, kwa hiyo sikusoma hata moja. Watu wa Kampuni waliwaalika ninyi kutazama taa, wakawapa juisi, wakachukua karatasi yenu ya mahudhurio na kuiita ridhaa ya wakazi. Na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa mita moja kutoka kwenye uongo huo, niliuwekea tiki.

Kuna lingine, na ndilo linalonifungisha mlango. Uliponiandikia mara ya kwanza nilikwenda kulifungua kweli. Niliutambua mwandiko wako kabla sijasoma jina. Niliona ulichoandika kwenye safu ya kazi. Nikalifunga, nikakuandikia kwamba majina yapo na saini zipo. Na ile fomu nilikutumia nikijua umri wako, nikijua watakurudishia. Nilitaka uchoke. Nilidhani ukichoka utarudi kwenye vitabu, nami nitastaafu kwa amani.

Ofisa Malalamiko anaandika kwamba kilisomwa na kuhakikiwa. Hakuna aliyekisoma. Hakuna, tangu lango la chini mpaka ghorofa ya juu. Niliwaambia wakubwa mwenyewe Ijumaa jioni, kwa mdomo, na nimejibiwa kwamba nimechoka, nichukue likizo.

Mama yako alilala kwangu. Alikula, akaoga, akanishukuru kwa maji ya moto. Hakunitukana. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Shangazi yako


Jumamosi, 5 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma uani, nikaikunja, nikaisoma tena baada ya kusuuza nguo. Nimekaa siku moja kabla ya kujibu ili nisiandike neno ambalo nitalionea haya.

Kwanza nikueleze upande wangu, kwa sababu na mimi nimo.

Orodha ile niliikusanya mimi. Nilikuwa kiranja. Dada wa mapokezi wa Kampuni alitupa karatasi zimebanwa kwenye ubao, na karatasi nyeupe juu ikifunika kichwa cha habari, kibanio kikiwa juu yake; sisi tulidhani ni mahudhurio. Mwalimu wa sayansi alisema tusiache safu yoyote tupu, kwa kuwa fomu yenye nafasi tupu ni uvivu. Tukauliza: na sisi tusio na kazi? Akasema andikeni mtakachokuwa. Tulifurahi sana, Shangazi. Tulibishana kuhusu kazi mpaka mlinzi wa mapokezi akageuka. Yule mtundu wetu aliyeandika Rais alishangiliwa. Wanne walikuwa wamesinzia, nikawaamsha wasaini. Niliporudisha ubao, yule dada alihesabu, akaniambia, “Wewe ni msichana wa maana sana.” Nilitembea na neno hilo mwezi mzima.

Sikufunua ile karatasi nyeupe. Nimefundishwa kusoma kichwa cha kila kitu kabla ya kuandika chini yake, na siku hiyo sikukisoma. Kwa hiyo siwezi kukusema kana kwamba mimi nilisoma.

Lakini kuna jambo siwezi kulimeza. Walipotaka kibali, saini zetu zilikuwa za wakazi. Tulipotaka maji, zikawa za watoto. Mkono ni uleule, wino uleule, ofisi ileile. Wamewaza nini, walipoandika kwamba saini ya mtoto haina nguvu, huku wamekalia saini mia moja na kumi na mbili za watoto? Jibu lako linaniambia kwamba hawakuwaza. Hilo ndilo linalonikasirisha zaidi. Mtu akikudhulumu kwa makusudi, angalau amekutazama.

Na nimekasirika na wewe. Nitaandika hivyo tu, bila kulipamba. Wengine wote hawakujua mwandiko ni wa nani. Wewe ulijua.

Sasa habari. Pingamizi la Mama limepokelewa ndani ya muda, na watu wazima wengine wameliunga mkono. Akirudi alipita nyumba kwa nyumba na nakala ya Kiambatisho akiwasomea watu kazi zao. Mzee wa Redio aliposikia kwamba mjukuu wake ni jaji, aliomba kusaini kabla Mama hajamaliza sentensi. Fundi viatu alikuja mwenyewe jioni, akasema kama jina lake ni la balaa basi safari hii liwaendee wao. Tumepata watu wazima mia moja na arobaini, wote wa kweli, na kila mmoja ameandika kazi anayoifanya. Kampuni imechukua sare zake. Mama alizikunja vizuri sana kabla ya kuzikabidhi.

Jana limebandikwa tangazo jipya. Mamlaka itasikiliza pingamizi hadharani, ukumbi wa shule yetu, Alhamisi tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi. Kampuni imeshaeleza msimamo wake: orodha ya wanafunzi ni sehemu tu, na ushiriki ulikuwa mpana. Mkurugenzi wenu naye ameandika, nimenakili maneno yake yote: “Jalada lilisomwa na kuhakikiwa ukurasa kwa ukurasa na ofisa mwenye uzoefu.” Ofisa huyo ni wewe, ingawa hakukutaja. Mwalimu wa uraia ametueleza kwamba likibaki hivyo, kwamba lilisomwa, basi kosa ni dogo, litarekebishwa kwa karatasi nyingine, na Friji la pili litajengwa. Ikithibitika kwamba halikusomwa na mtu yeyote, kibali chenyewe hakina miguu, hata kile cha kwanza, na bomba letu litabidi lizungumzwe upya. Hospitali ilimpa Mama mpaka mwisho wa Aprili. Hesabu mwenyewe siku zilizobaki.

Nitasimama siku hiyo. Mwalimu mkuu amekubali niseme kama shahidi, ingawa si mtoa maoni, na nitasema kwamba nilikusanya mimi na kwamba kichwa cha habari kilifunikwa. Lakini mimi najua kilichotokea mapokezi tu. Kilichotokea mezani unakijua wewe.

Barua yako ninayo. Iko ndani ya kitabu cha jiografia na hakuna aliyeisoma, hata Mama, ambaye hajaiomba. Mwenzangu mmoja anajua kwamba ipo, akaniambia, “Isome pale mbele, imekwisha kesi.” Ni kweli, ingekwisha. Lakini uliniandikia ukiwa umefunga mlango, na sitaki kuufungua bila kubisha. Kwa upande mwingine, siwezi kukaa kwenye kiti nikimsikia Mkurugenzi akisema ilisomwa, na jibu liko kwenye begi langu.

Najua miaka mitatu ya kustaafu ni miaka mitatu. Najua wameshakuambia uchukue likizo. Likizo yako, nadhani, inafika mpaka tarehe kumi na saba, na basi la Jumatano linafika hapa saa kumi na moja jioni. Kitanda changu utalala wewe, nami nitalala na Mama. Maji ya kuoga nitakuwekea tangu Jumanne.

Naomba unijibu kwa posta inayorudi, hata kwa neno moja. Utakuja kusema mwenyewe, au unaniruhusu niisome barua yako mbele yao?

Mwanao